Presha Iliyoshuka Mara Mbili

Kutoka Kasulu hadi Babati nilisafiri kwa vipande. Kwanza gari la mizigo hadi Kigoma mjini, nikiwa juu ya magunia ya maharage. Halafu treni, daraja la tatu, hadi Manyoni, ambako nililala stesheni na kichwa changu juu ya mfuko wa nguo. Halafu basi la Singida, na kutoka Singida basi jingine ambalo vumbi lilikuwa likiingia kupitia sakafu. Tulipofika Katesh abiria wote tulikuwa na nywele nyekundu, tunafanana kama watoto wa mama mmoja. Mlima Hanang ulikaa dirishani kwangu muda mrefu mpaka nikadhani basi halitembei.

Sikuwa nimemkimbia mtu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikashindwa kukaa. Nilipika kwenye vijiwe vya wachimba chumvi Uvinza, nikauza vitenge Tabora, na kila mahali nilipoishi nilianza kupapenda baada ya kuondoka. Nikiwa Tabora nilikuwa nalilia Uvinza. Ndivyo nilivyo hadi leo, na sasa nimepita arobaini.

Babati niliitwa na rafiki aliyetangulia. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, serikali inajenga ofisi, mafundi wamejaa mjini na hakuna wa kuwapikia. Nilipanga chumba mtaa wa Nangara, nikafunga turubai karibu na eneo la ujenzi, nikaanza kuuza ugali, maharage na kambale wa ziwani. Hapo ndipo nilipokutana na Daniel, Mgorowa wa kijiji cha Mutuka, dereva wa tipa lililoleta mchanga na kokoto.

Siku ya kwanza aliweka kijiko chini akaniangalia.

"Dada Editha, maharage haya umeyatoa Uvinza?"

"Chumvi ndiyo imetoka Uvinza."

"Basi imekuja yote."

Kesho yake alirudi, akala tena, akalalamika tena. Tulifunga ndoa kanisani kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Naandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyeambiwa kwamba atajifungua kwa upasuaji, atachomwa sindano ya mgongo ili afe ganzi kuanzia tumboni kwenda chini, na sasa halali kwa kuogopa. Mambo ya udaktari siyajui na sitajifanya nayajua. Nitasema tu yaliyonipata, kwa sababu mimi sikuwa na wa kunisimulia.

Mimba ya kwanza ilikwenda vizuri. Mwezi wa mwisho nilihamia Mutuka kwa mama mkwe wangu, kama wanavyofanya kwao, ili nisiwe peke yangu. Mama Daniel alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Alizaa watoto wake wote katika nyumba ile ile, na alinipokea kama mtu anayepokea kazi anayoijua.

Uchungu ulinianza katikati ya masika. Barabara ilikuwa tope tupu. Mama Daniel na jirani yake walinishika mgongo, wakanitembeza uani, wakanikanda. Siku ikapita. Kila nilichokunywa nilikitapika. Siku ya pili nikawa sina hata mate ya kulowesha midomo, na mtoto hakusogea. Jirani alisema tungoje kidogo. Mama Daniel akasema tungoje. Daniel alipofika na tipa, aliniangalia mlangoni, hakumwuliza mtu. Alinibeba akaniweka kwenye kiti cha mbele, mama yake akapanda pembeni, tukaenda mjini tukiteleza.

Hospitalini nililala kwenye benchi la mapokezi kichwa changu kikiwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Daktari alinipima, akasema mtoto amekwama na amechoka, lazima nipasuliwe sasa. Daniel akatia sahihi. Nesi akaeleza kuhusu sindano ya mgongo.

"Mgongo wa mwanamke hauchomwi," Mama Daniel akasema. "Akitoka hapa atalima na nini?"

"Bibi, bila hiyo hatoki kabisa," nesi akamjibu.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Walinikalisha ukingoni mwa meza, wakaniambia nijikunje. Mtu wa usingizi, ndivyo tulivyomwita, alikuwa baba wa makamo mwenye sauti ndogo. Sindano yenyewe iliuma kama sindano, si zaidi. Walionitisha kuhusu maumivu yake walikosea. Nililazwa chali, na miguu ikaanza kupata joto zuri, joto la kukaa karibu na jiko. Kisha ikawa si yangu. Niliiona kule mwisho wa meza kama miguu ya mtu mwingine aliyelala na mimi.

"Unaendeleaje, mama?" akauliza mtu wa usingizi, akiwa nyuma ya kichwa changu.

"Nzuri. Shikamoo, daktari."

"Marahaba."

Mtu mmoja akacheka nyuma ya barakoa. Mimi nimelelewa na Waha. Kwetu mtoto akipita mbele ya mkubwa bila kusimama, kuinama na kupiga makofi ya salamu, anarudishwa kuanza upya. Hata kwenye msiba ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza, halafu ndipo unasema nani amekufa. Nilikuwa nimelala uchi chini ya shuka la kijani, mbele ya wakubwa, na kitu pekee cha heshima nilichobaki nacho kilikuwa majibu yangu.

Masikio yangu yakaanza kuvuma, kama treni iliyo mbali. Taa iliyokuwa juu yangu ikabadilika rangi, ikawa kama taa ya chemli iliyoishiwa mafuta. Kichefuchefu kikapanda. Nilihisi kifua kimekaliwa na kitu, na nikahisi natoka, siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo, natoka polepole kupitia utosini.

"Mama, bado uko vizuri?"

"Niko vizuri, asante."

Ninayakumbuka maneno hayo waziwazi. Yalitoka yenyewe. Moyoni nilikuwa nikisema nakufa, na mdomo ukamjibu mgeni wake kwa adabu.

Ule mkanda wa kupimia presha ukanibana mkono, ukaachia. Sauti ya mtu wa usingizi ikabadilika. Akaagiza vitu haraka, kwa majina nisiyoyajua. Meza ikalazwa kuelekea kushoto, mashuka yaliyokunjwa yakasukumwa chini ya nyonga yangu ya kulia, mtu akaikamua dripu kwa mikono miwili kama anayefua. Dawa ikaingia mkononi. Nilitapika pembeni, na kisha sijui. Nilipoanza kuona tena, moyo ulikuwa ukidunda mpaka kwenye meno, na mtu wa usingizi alikuwa ameinama juu ya uso wangu akiita, "Editha, Editha, nijibu." Hakuniita tena mama.

Ndani ya muda huo walimtoa mtoto. Nilijua kwa sababu nilihisi tumbo linavutwa, kisha mvuto ukakoma. Nikasubiri alie. Niliona migongo ya watu watatu imemwinamia kwenye kona, na hakuna aliyegeuka.

Baadaye sana, nikiwa nashonwa, nesi alipita na kitu kilichofunikwa na kusema, "Wa kiume, mama. Anapumua, ila amechoka." Akaenda naye.

*

Wodini nililazwa kitanda cha dirishani, ambapo ukigeuza shingo ulikuwa unauona mlima Kwaraa na mawingu yake. Nilitetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele. Presha haikutaka kupanda. Kila nesi aliyekuja kupima alikunja uso, akapima tena. Chumba cha watoto wachanga kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, si mbali, mtu mwenye afya angefika kabla hujamaliza kumwita. Mimi nilikuwa natakiwa tu kusimama.

Kesho yake wakasema ninaweza kujaribu. Nesi alinikalisha, na nikihesabu nimeweza, dirisha likawa jeusi na nikarudi kwenye mto. Mchana tukajaribu tena. Nilisimama, nikapiga hatua ya kwanza, nikaanguka juu ya kitanda cha jirani yangu.

Jirani huyo alikuwa mama mmoja wa Kibarbaig kutoka huko chini Hanang, bangili za shaba kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Alikuwa na mtoto wake wa nne, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kinatosha.

"Ndama wangu anasimama haraka kuliko wewe," alisema, akinisogezea nafasi nikae.

"Ndama wako hajapasuliwa."

Akafikiri. "Hiyo kweli. Lala. Mimi nitakwenda kumwona mtoto wako, nikuambie."

Akaenda, bangili zinalia ukumbini. Akarudi akasema, "Ana nywele nyingi. Mkono hivi," akakunja ngumi. "Mama Yakobo, ana nguvu kidogo."

Daniel alikuwa ameshampa jina hilo, na nesi mmoja Mkristo alikuwa amembatiza kwa maji ya kikombe asubuhi ile. Mimi sikujua maana ya kubatizwa haraka hivyo. Au nilijua. Yule mama wa Kibarbaig ndiye mtu pekee aliyewahi kuniita Mama Yakobo.

Jioni manesi wawili walinionea huruma. Waliniweka kwenye kitanda cha magurudumu nikiwa nimelala, wakanisukuma hadi kule, wakakiweka sambamba na kitanda cha mtoto. Sikuweza kuinua kichwa, kwa sababu kichwa chenyewe kilikuwa kimeanza kuuma vibaya kila nikikiinua. Nilinyoosha mkono nikashika mguu wake. Ulikuwa wa moto. Niliushika mpaka waliposema tuondoke.

Asubuhi Daniel alikuja na kusimama mlangoni mwa wodi bila kuingia.

Yakobo walimpeleka kuzikwa Mutuka siku ile ile. Mimi nilibaki kitandani kwa sababu nikikaa nazimia. Kwao mtoto wa umri ule huzikwa na wanawake wa nyumba, kimya, bila turubai wala watu kuitwa. Mchana Mama Daniel alirudi hospitalini na chupa ya uji. Alinilisha kwa kijiko. Kucha zake zilikuwa na udongo.

"Tumemlaza," alisema.

"Wapi?"

"Nyumbani. Shambani."

Akakichovya kijiko tena. "Kunywa. Nimetia chumvi. Nesi amesema nitie chumvi."

*

Nilirudi Nangara mvua zikiwa zimekatika na upepo wa baridi umeanza. Miezi ile siipendi kuikumbuka, lakini mwenye kupitia haya aijue. Kidonda cha tumbo kilipona mapema. Kilichobaki ni kizunguzungu. Nikiinuka kutoka kwenye kigoda kutoa chungu jikoni, dunia ilikuwa inazima na kuwaka. Fundi mmoja mzee alizoea kunichotea maji bila kuombwa, akiweka ndoo, akisema, "Kaa hapo hapo, mama, usije ukaanguka kwenye ugali wetu." Maziwa yalikuja siku ya tatu baada ya mtoto kufa, nikiwa bado wodini, na hata nilipoanza tena kuuza yalilowesha nguo mbele ya wateja. Nilifunga kanga kwa nguvu mpaka yakaisha.

Na nyumbani kulikuwa na vita ya chini kwa chini. Daniel alisema mama yake alingoja mno. Aliacha kwenda Mutuka Jumapili. Mama Daniel alituma ujumbe kwamba mtoto aliuawa na sindano, na kwamba yeye alikwisha sema. Mimi nilikuwa na wangu wa kumlaumu, na huyo alikuwa mimi mwenyewe, nililala naye na kuamka naye. Kila usiku nilijibu upya swali la mtu wa usingizi.

Mwishowe nilikwenda kumwuliza. Nilingoja kwenye benchi la nje, kati ya wenye kadi za kliniki na wenye plasta, mpaka akatoka na kikombe cha chai. Alinikumbuka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

Safari hii sikusema nzuri. Yeye mwenyewe akatabasamu kidogo, kwa uchovu, akakaa.

"Ningesema mapema, angeishi?" nikamwuliza.

"Mtoto alikuwa amechoka kabla hujafika hapa, na wewe ulikuwa umekauka. Sindano ile inashusha presha kwa wanawake wengi, inashuka ghafla, na damu inapungua kwa mama na kwa mtoto. Ungesema, ningekuwahi kwa dakika moja au mbili. Zingetosha? Sijui. Na atakayekuambia anajua, anakudanganya." Akatazama kikombe chake. "Hapa kila mtu ananijibu nzuri. Juzi nimeletewa mzee amevunjika paja, mfupa unaonekana, namwuliza vipi mzee, ananijibu salama tu mwanangu. Mashine inapima kila baada ya dakika chache, mama. Katikati ya vipimo nina mdomo wa mgonjwa peke yake."

Nilimwambia Daniel maneno yale. Alisikiliza, akatoka akaenda kulala ndani ya tipa. Lakini Jumapili iliyofuata alikwenda Mutuka.

*

Mimba ya pili ilichelewa. Ilipokuja sikufurahi. Daktari alisema kwa kovu nililokuwa nalo, na jinsi nilivyokwama mara ya kwanza, nisijaribu kujifungulia nyumbani. Nitapasuliwa tena, kwa siku iliyopangwa, na sindano ni ile ile. Tangu siku hiyo nikawa nasikia masikio yanavuma nikiwa nachambua mchele.

Nilipofika mwezi wa saba nilifunga mfuko wangu nikaenda stendi. Sikuwa na mpango. Nilitaka Kasulu, au Tabora, au popote ambapo hakuna anayenijua na meza ile haipo. Nilikaa kwenye benchi la basi la Singida. Kondakta alinizunguka mara kadhaa.

"Mama, unasafiri au unapumzika?"

"Napumzika."

"Basi pumzika upande ule. Hapa ni pa wanaosafiri."

Nilihamia upande ule. Nikaliangalia basi linajaa, linaondoka. Mtoto alikuwa anapiga teke upande wa kulia, upande ule ule walikosukuma mashuka. Nikajua kwamba kokote nitakakokwenda nitapasuliwa, au nitakufa kwenye uwanja wa mtu. Nikarudi Nangara kwa miguu, polepole, na mfuko wangu kichwani.

Mama Daniel alikuja mwenyewe mjini wiki ile. Alikataa chai.

"Safari hii usije kwangu," alisema.

Nilidhani amenifukuza. Daniel naye alidhani hivyo, akainuka. Mama yake akamwonyesha kwa kidole akae.

"Wa kwanza nimemzika kwa mikono hii. Nyumba yangu sasa inaniogopesha. Huyu azaliwe huko huko kwenye hiyo sindano yenu, nami nitakuja nikae kwenye benchi."

Alikunywa maji, akaondoka.

Siku yenyewe ilikuwa ya kipupwe, ukungu umefunika Kwaraa hadi miguuni. Niliambiwa nisile tangu jana yake, lakini safari hii walinitundikia dripu mapema nikiwa bado wodini. Zamu yangu ikasogezwa, akaingizwa mwanamke aliyeletwa na damu inatoka. Nikarudishwa kungoja. Kungoja kule ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kisu. Nililala ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa, nikitazama ukuta ambao rangi yake ilikuwa imebanduka, na Mama Daniel alikaa nyuma yangu, ameshika pindo la shuka langu kama vile nitapeperuka.

"Unaogopa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mimi pia."

Ilinisaidia kuliko sala zote nilizosomewa siku ile.

Mtu wa usingizi alikuwa yule yule. Nilimwomba hivyo kliniki, naye akapanga. Kabla ya sindano alinionyesha bomba la sindano lililokwisha jazwa. "Hii ni ya kupandisha presha. Ipo hapa, haiendi mbali. Nyonga yako tunaiinua tangu mwanzo. Na leo sikuulizi habari. Nitakuuliza kichefuchefu kipo au hakipo. Masikio yanavuma au hayavumi. Usinipe adabu. Nipe mwili."

Miguu ikapata joto, ikaenda. Nikangoja. Nilikuwa namngoja adui ninayemjua njia anayopitia, na kweli akaja kwa njia ile ile, treni mbali, taa inabadilika.

"Masikio," nikasema. "Yanavuma. Nataka kutapika. Naondoka."

"Huondoki."

Nikasikia ubaridi wa dawa ukipanda mkononi. Mkanda ukabana. Treni ikakaribia, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Moyo ukadunda kwa nguvu, kichwa kikagonga, na taa ikarudi kuwa nyeupe. Ilishuka tena kidogo walipokuwa wanamtoa mtoto, nikasema tena, nikapigwa dawa tena. Nilisema kila kitu. Nilisema mpaka pua inawasha. Nesi mmoja akasema, "Leo huyu mama ni redio." Mtu wa usingizi akamwambia, "Mwache aendelee."

Naomi alitoka analia kwa hasira. Nasikia aibu kusema kwamba sikushangilia. Nililala pale nikisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati, nikingoja ikatike. Haikukatika. Nje ukumbini, Daniel aliniambia baadaye, mama yake aliposikia sauti ile alijifunika uso kwa mgolole wake na hakuutoa mpaka walipomwita.

Siku iliyofuata nilikalishwa, kizunguzungu kikaja, nikaambiwa niinamishe kichwa, kikapita. Jioni nilisimama. Nilitembea hadi mwisho wa ukumbi nikishika ukuta, nikafika kwenye mlango wa chumba cha watoto wachanga, nikachungulia ndani. Kile kitanda kilikuwa na mtoto wa mtu mwingine.

Mwanamke mwenzangu unayengojea, hayo ndiyo niliyo nayo. Presha inaweza kushuka. Ikishuka utahisi unakufa, na mara nyingi hutakufa, kwa sababu wapo watu na dawa ya kuipandisha. Lakini wasaidie. Sema mapema, sema vibaya, sema bila shikamoo. Ukiwa umetapika au hukunywa maji kabla ya kufika, waambie. Siku ya kwanza kusimama, usisimame peke yako. Na ukipoteza, kama nilivyopoteza, usimwache mtu yeyote akufanyie hesabu ya dakika zako, hata wewe mwenyewe. Hili la mwisho nalisema, bado sijaliweza.

*

Tuliondoka Babati Naomi akiwa anaongea vizuri. Ofisi zilikuwa zimekwisha, mafundi wametawanyika, na Daniel alikuwa amepata kazi ya lori Kahama. Vitu vyetu vilitangulia. Siku ya kuondoka nilimwambia Daniel atungoje stendi, nikampeleka mtoto Mutuka kuaga.

Mbaazi zilikuwa zimekomaa, zimekauka kwenye miti yake, shamba lote linatoa mchakacho upepo ukipita. Miaka yote ile nilikuwa nimekuja pale kulima, kupalilia, kuvuna, na sikuwahi kuuliza. Mama Daniel naye hakuwahi kuonyesha. Siku ile nilimwuliza.

"Mama, Yakobo yuko wapi?"

Aliacha ungo. Akatangulia, nami nikafuata nimemshika Naomi mkono. Tuliingia kati ya mistari, tukaenda, akasimama. Akaangalia kushoto. Akasogea mbele kidogo, akaangalia nyuma kwenye nyumba, akapima kwa macho.

"Niliweka jiwe," alisema. "Mwaka ule wa pili vijana wa plau wakalitoa, hawakujua. Nilipiga kelele, lakini walikuwa wameshapita." Aliinama akashika udongo, akauachia. "Ni hapa. Au kule karibu na mchongoma. Sijui tena, mwanangu."

Nilisubiri nikasirike. Sikukasirika.

"Ndiyo maana huwa natembea polepole," alisema. "Shamba lote. Tangu mwaka ule, nikiingia humu navua viatu."

Nilitazama miguu yake, na kweli, viatu vyake vya matairi vilikuwa vimebaki pale tulipoingilia. Nilivua vyangu. Udongo ulikuwa na joto la mchana. Naomi alichomoa mkono wake, akaanza kukimbia kati ya mistari, akipiga mbaazi kwa viganja vyake, anacheka peke yake. Bibi yake alinyanyua mkono kumkataza, kisha akaushusha.

Tulimwacha akimbie mpaka alipochoka, ndipo tukaenda stendi.